Juisi ya mlonge haileti mvua

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: juisi ya mlonge haileti mvua. Kila msimu mvua ikikatika Januari, napata wageni wenye chupa tupu za maji mkononi. Wamesikia kuna mama njia ya Mabama ana dawa ya ukame. Nawakaribisha, tunakunywa chai, halafu nawaambia dawa ya ukame sina. Nilicho nacho ni juisi ya majani ya mlonge ya kupulizia mazao, kitu cha kuusaidia mmea wenye afya uvumilie jua siku kadhaa zaidi, tena kama umeupa kabla jua halijaanza. Wapo wanaovunjika moyo palepale na kuaga. Wapo wanaobaki tukatwanga pamoja mpaka giza linaingia.

Sisi tuko Uyui, magharibi ya mji wa Tabora. Udongo wetu ni kichanga kilichopauka. Hata ukiwa na unyevu, ukiuminya kiganjani haushikani. Mvua tunapata msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na katikati yake, Januari au Februari, mara nyingi huingia jua la wiki mbili tatu lisilo na adabu. Maji yaliyonyesha juzi yanakuwa yameshazama chini ya mizizi, maana mchanga hauna cha kuyashikia. Mahindi yanajikunja. Choroko zinalala. Karanga, ambazo ndizo zinazolipa ada za watoto hapa nyumbani, zinafumba vijani vyake saa nne asubuhi na hazifumbui mpaka jioni.

Shamba hili lilikuwa la tumbaku. Baba mkwe aliilima mpaka nguvu zikamwishia, nasi tukaendelea miaka kadhaa, hadi pembejeo na kuni za kukaushia zikawa zinameza mauzo yote. Tukahamia kwenye mikunde: karanga, choroko, kunde, na njugu mawe kidogo za kuchemsha. Watu walitutania kwamba tumechagua mazao ya wavivu, eti mikunde inajitengenezea nitrojeni yenyewe. Inajitengenezea kweli, ila kwa masharti. Kazi hiyo hufanywa na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, na bakteria hao wanataka unyevu, wanataka fosforasi, na hawapendi udongo wenye tindikali kali. Udongo ukianza kukauka, uvutaji wa nitrojeni hupungua mapema, hata kabla jani halijaonyesha kiu. Kwa hiyo ukiona choroko zako zimeanza umanjano katikati ya jua la Januari, ujue huko chini kiwanda kilishafungwa siku nyingi.

Habari za vichocheo vya asili nilizipata kwa bwana shamba wa kata, kwenye mafunzo ya vikundi vya akina mama. Alilifafanua jambo vizuri na mpaka leo nawaeleza wenzangu kwa njia yake. Mbolea ni chakula cha mmea. Kiuatilifu kinaua mdudu au ugonjwa. Kichocheo hakifanyi lolote kati ya hayo mawili. Kinaufanya mmea utumie vizuri zaidi chakula kilichopo na uhimili shida kama ukame, joto au chumvi. Hata sheria ya mbolea ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 imekitambua hivyo, kwa kazi kinayoifanya, bila kujali kina nitrojeni kiasi gani ndani yake. Kwenye kundi hilo wamo bakteria na fangasi wazuri wa mizizi, zimo tindikali za humasi zinazotokana na mboji iliyooza sawasawa, zimo dondoo za mwani na za mimea mingine. Mwani unalimwa Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini mimi na bahari tumetenganishwa na reli ya zaidi ya kilomita 800. Mlonge uko uani.

Mlonge tulikuwa nao siku zote kama mboga ya mgonjwa na dawa ya kila kitu ambacho hospitali haijakipatia jina. Kwamba majani yake yanaweza kupuliziwa mazao, hilo lilikuwa geni kwetu. Baadaye nikaja kujua kwamba mtafiti Nikolaus Foidl na wenzake, waliolifanyia kazi jambo hili Nicaragua, waliliwasilisha kwenye mkutano wa mlonge uliofanyika Dar es Salaam mwaka 2001. Yaani taarifa ilishuka nchini mwetu miaka mingi kabla haijapanda treni ya kuja Tabora.

Kinachozungumzwa zaidi kwenye juisi hiyo ni zeatini, homoni ya mimea ya kundi la saitokinini. Kwa kawaida mmea hutengeneza saitokinini zake hasa kwenye ncha za mizizi na kuzipandisha juu, na huko majanini zinachelewesha uzee. Udongo ukikauka, mizizi inapunguza kuzituma, na badala yake inapeleka ishara nyingine: funga vinyweleo (vile vitundu vya jani vya kupumulia), acha kukua, tupa majani ya chini. Ndiyo maana mmea wenye kiu huanza kunyauka na kugeuka njano kutoka chini kwenda juu. Juisi ya mlonge inaongeza ile saitokinini iliyopungua, pamoja na vitamini C, potasiamu na kalsiamu kidogo. Hiyo tu. Anayekwambia kuna siri zaidi ya hapo anataka kukuuzia kitu.

Nachuma asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka. Nachukua machipukizi, vile vijani laini vya ncha vyenye kijani cha kung'aa, na majani makubwa yaliyokomaa nawaachia mbuzi. Mlonge unaokatwa mara kwa mara hutoa machipukizi mengi, kwa hiyo ua wangu wote nimeushusha usinizidi kimo. Napukusa vijani kutoka kwenye vikonyo, naweka kwenye kinu, natia maji kidogo sana, kama kikombe kimoja kwa sufuria iliyojaa, halafu natwanga mpaka ule ute wa kijani uanze kushika mchi. Unatoa harufu kali ya figili, inayopanda mpaka puani. Nakamua kwa kipande cha kanga kuukuu, mara mbili. Hapo usiwe na haraka. Chembe za makapi zikipita zitaziba pua ya bomba ukiwa katikati ya shamba, na kuzizibua kwa mwiba huku mikono imejaa sabuni ni kazi ya kumtoa mtu machozi.

Kipimo ni sehemu moja ya juisi kwa sehemu 30 za maji. Kwenye bomba la mgongoni la lita 16 natia lita 15 za maji na nusu lita ya juisi, pamoja na kijiko cha sabuni ya maji ili matone yatandae kwenye jani badala ya kuteleza. Wanaoongeza juisi wakidhani watapata nguvu zaidi huishia kuunguza ncha za majani. Bomba lenyewe lisiwe lile la kiua magugu. Mabaki yake, hata ukilisuuza vipi, yanatosha kukunja choroko nzima, na mtu atarudi nyumbani akilaani mlonge ambao haukuhusika.

Juisi hii hailali. Watafiti wenyewe walisisitiza itumike ndani ya saa chache baada ya kukamuliwa, la sivyo igandishwe, na huku kwetu friji la kugandishia juisi ya shamba nani analo? Ikikaa mpaka kesho inachacha, inabadilika rangi, na unakuwa unapulizia maji yanayonuka. Ndiyo sababu sigawi kwenye chupa. Nagawa vipandikizi vya mlonge: kijiti kinene kama kifundo cha mkono, unakichomeka ardhini mvua zikianza, kinashika.

Napulizia jioni kuanzia saa kumi na moja. Jua limepoa, tone linakaa kwenye jani bila kukauka upesi, na nyuki wameanza kurudi mizingani. Huku Tabora nyuki si wa kuchezewa, na maua ya choroko wanayapenda. Mara ya kwanza ni mimea ikiwa na kama siku kumi hadi wiki mbili tangu iote, ya pili ni karibu na kutoa maua, na ya tatu vitumba vinapoanza kushika. Usingoje jua liingie. Mmea uliokwisha kulegea umefunga vinyweleo, na kile unachoupulizia kinakauka juu ya jani kikabaki rangi tu. Wageni wangu wa Januari hapa ndipo tunapokosana, kwa sababu wanakuja kwa kilichotakiwa kufanyika Desemba.

Kwenye kila zao naacha matuta yasiyopata juisi. Yanapata maji matupu yenye sabuni ileile, jioni ileile, kwa bomba lililosuuzwa. Jirani yangu aliwahi kuniuliza kama nina ugomvi na matuta yale. Nilimjibu kwamba bila hayo nitakuwa naisifia mvua nikidhani naisifia juisi. Hata maji yenyewe kupuliziwa jioni yanauburudisha mmea kidogo, na mtu aliyepulizia shamba zima hawezi kujua ni kipi kilichofanya kazi. Nimesikia shuhuda nyingi sana za mlonge kutoka kwa watu ambao hawakuacha hata tuta moja. Siwaiti waongo. Nasema hawana cha kulinganishia.

Matuta yale yamenifundisha vitu ambavyo semina haikuvisema. Mwaka ambao mvua imeenda vizuri, choroko za juisi na choroko za maji huwezi kuzitofautisha, na ule utwangaji wote ni mazoezi ya mikono. Mwaka ambao jua limepiga mpaka nyufa zinaonekana njiani, tofauti pia haipo, maana zote zimekufa kifo kimoja. Faida iko katikati. Jua likiwa la wastani, la wiki mbili hivi, kwenye matuta ya maji majani ya chini yanageuka njano na kudondoka, wakati kwenye matuta ya juisi yanabaki kijani. Mvua ikirudi, haya yenye majani yanaendelea pale yalipoishia, na vitumba vya juu, ambavyo kwa wenzao vinakuwa vifupi vyenye punje mbili tatu, vinajaa mpaka ncha. Kwenye debe tofauti hiyo unaiona kwa macho. Kwenye mfuko wa fedha ni ndogo kuliko wanavyosimulia watu.

Kingine nilichokiona kilinishangaza mwanzoni. Pembeni kabisa mwa shamba, kule ambako samadi haikufika, matuta yaliyopuliziwa juisi yalilegea mapema kuliko yale ya maji. Nilipomweleza bwana shamba hakushangaa. Mmea ulioambiwa usizeeke unabaki na majani mengi, na majani mengi yanakunywa. Kama chini hakuna kitu cha kushika maji, akiba kidogo iliyokuwepo inakwisha upesi zaidi. Tangu hapo kwenye sehemu isiyo na samadi sipulizii kabisa. Kwanza inapata samadi iliyooza, ikiwa kidogo naifuatisha kwenye mfereji wa mbegu tu. Matuta nayafunga kwa vizuizi vya udongo kila baada ya hatua chache ili maji yasikimbie, na baada ya palizi ya kwanza natandaza nyasi kavu. Mchanga mtupu wa Tabora saa saba mchana huwezi kuukanyaga peku, na bakteria wa vinundu nao wanaungua na joto hilo. Ukiutandika nyasi, mguu wako na wao wote wanapona. Wakati wa kupanda naweka pia fosfati ya Minjingu, ile inayochimbwa Manyara. Inayeyuka polepole na inafaa kwenye udongo wenye tindikali kama wetu.

Karanga nitazieleza kwa kirefu, kwa sababu ndizo zinazoniletea malalamiko mengi kutoka kwa waliojaribu. Mtu anapulizia, majani yanakuwa mazuri ajabu, anakuja kung'oa Aprili, anakuta maganda matupu. Unaliminya ganda linapasuka kwa hewa, ndani punje imesinyaa kama kidonge kilichokwisha kunyonywa. Anasema mlonge umepeleka nguvu zote majanini. Hapana. Karanga ikishachanua, ua linashusha sindano yake ardhini, na ncha ya sindano ndiyo inayovimba kuwa ganda. Ganda hilo liko gizani, halipumui maji kama jani, kwa hiyo kalsiamu inayopandishwa na mizizi pamoja na maji inakwenda majanini na kulipita. Kalsiamu ya kujaza punje ganda linaifyonza lenyewe, moja kwa moja, kutoka kwenye udongo unaolizunguka. Na kalsiamu ikishafika kwenye jani haishuki tena. Hivyo hata ungepulizia maziwa, hakitafika chini kitu. Pale juu ya tuta, kwenye sentimita chache za mchanga zinazokauka kwanza, kalsiamu ikiwa haba au unyevu wa kuiyeyusha ukiwa haupo, maganda yatabaki matupu hata kama mmea umependeza kupigwa picha.

Dawa ya hilo ni jasi, madini yenye kalsiamu, ikiwekwa kwenye mstari wakati maua yanaanza, pamoja na nyasi za kutunza unyevu palepale sindano zinapoingilia. Jasi inachimbwa Itigi, mkoa jirani wa Singida, kwenye reli hii hii. Tukishanunua kwa kikundi tunagawana kwa ndoo. Tangu karanga zangu zianze kupata jasi, maganda matupu yamepungua mno, na hapo juisi haina sifa ya kudai. Ninachoipa juisi kwenye karanga ni kwamba inabakisha majani hadi mwisho. Hilo lina maana yake. Karanga inayokosa maji wiki za mwisho kabla ya kuvunwa ndiyo inayoshambuliwa zaidi na ukungu wa sumukuvu, na kwa hili sitegemei mlonge. Nachagua mbegu inayowahi, kama Pendo ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, ambayo kwa siku 90 hadi 100 inakuwa imeshakomaa, na nazianika juu ya turubai, kamwe siyo chini kwenye vumbi.

Sasa mizizi. Kama unataka kujua mikunde yako inafanya kazi, usiulize majani, chimba. Chimba kwa jembe, pembeni, taratibu, wakati maua yanaanza. Ukivuta kwa mkono vinundu vinabaki ardhini. Suuza mzizi kwenye ndoo ya maji. Utaona vipunje vidogo vimejishika ubavuni mwa mzizi. Chukua kimoja, kikate kwa wembe au ukucha. Kikiwa chekundu ndani, au rangi ya waridi, kinafanya kazi. Wekundu ule unatokana na kitu cha jamii moja na kinachoipa damu yetu rangi. Kikiwa cheupe bado hakijaanza kazi au hakifai, kikiwa cha kijani au kijivu kimeshachoka. Kwenye matuta yenye nyasi na samadi nakuta vyekundu hata jua likiwa limepiga wiki nzima. Kwenye mchanga mtupu vinakuwa vichache na vya kijivu, iwe nimepulizia au sijapulizia.

Kwa sisi tuliorithi mashamba ya tumbaku kuna mtego hapo. Tumbaku inaacha minyoo fundo ardhini, na minyoo hao wanavimbisha mizizi ya choroko na kunde. Mtu asiyejua anachimba, anaona mzizi umejaa mafundo, anashangilia kwamba shamba lina nitrojeni ya kutosha mji mzima. Jaribu kukibandua kwa kidole. Kinundu cha kweli kimebandikwa ubavuni, ukikisugua kinatoka na mzizi unabaki mzima. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, halitoki mpaka uukate mzizi. Dada mmoja wa kikundi chetu alikuwa na choroko zinazodumaa kila mwaka, naye kila mwaka akaongeza mara za kupulizia. Tulipochimba tukakuta mizizi imejaa mafundo mpaka ncha. Alihamisha choroko, pale akapanda karanga, ambazo minyoo hao wa tumbaku kwa kawaida hawazipendi sana, na choroko hakuzirudisha pale mapema.

Kuna mtindo mwingine umeingia vijijini, wa kwenda msituni kuchota udongo mweusi chini ya mitundu na miyombo na kuumwaga shambani ili kuleta fangasi wazuri. Nia ni njema na udongo ule una mboji, kwa hiyo haudhuru. Ila fangasi wa mtundu na muyombo si wale wa karanga. Wale wanaivalisha mizizi ya miti kwa nje, na ndio wanaotoa baadhi ya uyoga tunaouchuma mvua za kwanza. Fangasi wanaosaidia karanga, choroko na kunde kutafuta fosforasi na maji wanaingia ndani ya mzizi na hawatoi uyoga wowote. Ukitaka hao, ni bora upate udongo chini ya mninga, mti ambao wenyewe ni jamii ya kunde na una vinundu, au kutoka kwenye shamba la kunde lililostawi, mradi umeshachunguza kwamba halina minyoo. Na ukishawapata usiwaue kwa njaa: wanaishi kwenye mizizi hai, na shamba lililochomwa moto na kuachwa tupu miezi sita ya kiangazi haliwabakizi wengi.

Bakteria wa kununua kwenye pakiti nawapendekeza kwa anayelima soya tu. Karanga, kunde, choroko na njugu mawe zinakubali bakteria waliomo kwenye udongo wetu. Soya ina uchaguzi, na mara nyingi mwenzi wake huku hayupo. Pakiti hiyo ni ya viumbe hai: isikae kwenye dashibodi ya bodaboda, mbegu zipakwe kivulini na zifukiwe saa hiyo hiyo.

Chupa za dukani ni habari nyingine. Nimeshaletewa chupa yenye picha ya wimbi la bahari na maneno ya sifa pande zote, haina jina la mtengenezaji, haina tarehe, haina kipimo cha kuchanganya. Aliyeuziwa alikuwa mjane na aliilipia kuku wawili. Bidhaa halali ya kurutubisha mimea inatakiwa iwe na usajili wa TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea, na ya kuua wadudu au magonjwa ipitie TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Namba huwa zipo kwenye lebo. Kama muuzaji anakwambia kitu kimoja kinalisha, kinaua wadudu, kinatibu mnyauko na kinaleta mavuno maradufu, mrudishie.

Wazee wa Urambo wakisikia mtu anajigamba kwamba karanga ni zao la kitoto, hucheka. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga Tanganyika, Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo, wakaja na matrekta na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kufyekea. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Fedha walikuwa nazo, mashine walikuwa nazo. Mvua na udongo hawakuvichunguza vya kutosha kabla ya kuanza, na mkulima wa hapa aliyekuwa akilima karanga kwa jembe tangu zamani hawakumuuliza.

Njugu mawe nimeacha kuzipulizia. Matuta ya juisi na ya maji yanatoa sawasawa, mwaka wa jua na mwaka wa mvua, na shangazi wa mume wangu, ambaye amezilima kuliko umri wangu, aliniambia bila kunyanyua macho kwenye ungo, "Mwanangu, hizo zilizoea njaa kabla yako." Nikazitoa kwenye ratiba.

Ninachosubiri sasa ni dengu za mdogo wangu, Igunga. Kule wana mbuga ya udongo mweusi unaoshika maji, na dengu hupandwa mvua zikielekea mwisho, Machi na Aprili, ziote kwa unyevu uliobaki. Taabu yao ni kwamba tabaka la juu linakauka kabla mbegu haijachomoza. Wakulima wa dengu wa Barind, Bangladesh, huloweka mbegu kwenye maji usiku mmoja, kwa muda wa saa nane hivi, wanazipepeta zikauke ganda la nje, wanapanda siku hiyohiyo, na zinawahi kuchomoza. Karanga sithubutu kuziloweka, ngozi inavuka. Dengu zinakubali, alimradi ardhi ina unyevu unapozitia. Kwenye vumbi mbegu iliyolowekwa inakufa upesi kuliko kavu. Mdogo wangu anataka kuziloweka kwenye juisi ya mlonge. Nimemwambia kwanza maji matupu, sehemu nyingine juisi, na aache mistari minne bila kuloweka kabisa. Amesema mitatu inatosha, shamba ni lake.